Ekari inatoa gunia 9? Tafuta zile 20 nyingine zilipopotelea

Wakulima wenzangu wa mpunga habari za mashambani. Kila msimu ukiisha maswali ni yaleyale, nimeweka mbolea mbona nimepata gunia tisa, nimenunua mbegu ya SARO mbona sijaona zile gunia 30 nilizoambiwa, na jibu ambalo wengi wanapewa ni ongeza mbolea. Mi nalima huku bonde la Kilombero, ekari tatu, na miaka minne ya mwanzo niliongeza mbolea kila mwaka gunia zikabaki zilezile, tisa, kumi, mwaka mmoja hata tisa hazikutimia. Pesa yote ya mbolea ilienda na maji, na siongei kwa mafumbo, ilienda na maji kweli, nitaeleza.

Kabla hujabadilisha chochote piga hesabu kwanza ujue tatizo lako ni lipi. Chukua fito nne za mita moja moja, zifunge ziwe mraba. Ikibaki wiki moja uvune ingia shambani, uweke huo mraba sehemu tano, na usichague pale palipopendeza maana hapo ndo tunapojidanganyaga. Ndani ya mraba hesabu mashina, yaani zile sehemu ulizopandikiza. Alafu chukua mashina matatu manne uhesabu kila shina lina masuke mangapi, alafu suke mojamoja uhesabu punje, ukizibonyeza kwa kucha ujue ngapi zina kitu ndani na ngapi ni mapepe.

Sasa ona. Mpunga uliopandwa sentimita 20 kwa 20 unakuwa na mashina 25 kwa mita mraba. Kila shina likitoa masuke 10 na kila suke likawa na punje 100 zilizojaa, hizo ni punje elfu 25. Punje elfu moja za mpunga zina gramu kama 25, inazidi au kupungua kutokana na mbegu, kwahiyo mita moja mraba inakupa gramu 625. Ekari ina mita mraba 4,047, hapo ni kilo 2,500 na ushee, gawa kwa gunia la kilo 80 unapata gunia 31. Hakuna dawa ya siri hapo, ni 25 mara 10 mara 100.

Shamba langu la mwaka ule mbaya nilikuta hivi: mashina 12 kwa mita mraba maana vibarua walipandikiza kwa kukisia, masuke 8, punje 90, na kwenye kila punje tano moja ni pepe. Ukipiga inakuja gramu 173, ekari nzima kilo 700, gunia tisa kasoro. Mbolea nilikuwa nimeweka mifuko mitatu!

Na kila namba kati ya hizo ina wakati wake wa kuamuliwa. Idadi ya mashina inaamuliwa siku ya kupandikiza. Masuke yanaamuliwa ndani ya wiki tano sita za mwanzo wakati mpunga unatoa machipukizi. Punje kwa suke zinaamuliwa suke likiwa bado dogo limejificha ndani ya shina, wewe hata hulioni. Mapepe yanaamuliwa siku za kuchanua na zile za karibu yake. Ukishapitwa umepitwa, hata umwage mbolea ya urea mifuko mitano mpunga ukiwa umechanua huongezi suke hata moja, unaongeza ugonjwa tu.

Tuanze na kitu ambacho watu wengi wanakiruka, kusawazisha jaruba, yaani kile kipande cha shamba kilichozungushiwa matuta. Ukiniuliza kimoja tu cha kubadilisha msimu huu ntakwambia hiki, kabla ya mbegu na kabla ya mbolea. Shamba lisilo sawa lina visiwa na lina mashimo. Kwenye kisiwa maji hayafiki, magugu yanaota kama yamepandwa, na mpunga unanyauka jua likikaa siku nne. Kwenye shimo maji yanafika goti, miche midogo inazama, iliyopona haitoi machipukizi maana machipukizi yanataka maji ya kina kifupi. Alafu ili ufikishe maji kwenye kisiwa inabidi uzidi kujaza shimo, likijaa linamwagika juu ya tuta, na ile urea uliyoweka juzi inaondoka na maji kwenda kwa jirani. Ndo mbolea yangu ilikokuwa inaenda miaka yote. Jirani wa upande wa chini alikuwa anavuna vizuri kila mwaka na hanunui mbolea, nikawa namwona ana mkono wa baraka.

Jinsi ya kufanya: baada ya trekta kulima au pawatila (kile kitrekta cha mkono) kupita, ingiza maji kidogo tu, kina cha vidole viwili vitatu, yatulie usiku mmoja. Asubuhi maji yenyewe yanakuonyesha, palipotokeza juu choma kijiti. Kata udongo wa pale kwa jembe uuburute mpaka penye shimo, ukiwa na ng'ombe au pawatila funga ubao mrefu nyuma uburute huku ukiuvuruga tope, huku wengine wanaita kuchavanga. Rudia mpaka maji yalingane. Kama shamba lako limeinama usishindane nalo, gawa majaruba madogo madogo kila moja na usawa wake, unapoteza eneo kidogo la matuta ila unapata maji yanayotulia. Tuta liwe la kutosha, kimo cha sentimita 30 hivi, na uache sehemu moja ya kutolea maji unayoweza kuifungua na kuifunga. Wenzetu wa Shinyanga na Kahama wanalima mpunga kwa mvua tu, na wanavuna kwasababu majaruba yao yanakamata kila tone linaloteremka kutoka juu, huku kwetu kwenye maji mengi tumekuwa wavivu wa matuta.

Mbegu. SARO 5, jina la kitaalamu TXD 306, ilitoka mwaka 2002 hapahapa Ifakara kwenye kituo cha utafiti tulichozoea kukiita KATRIN, siku hizi TARI Ifakara. Ni fupi, inatoa machipukizi mengi, haianguki ovyo, inakomaa kama siku 120 mpaka 130, inanukia kiasi. Supa ni ndefu, inakaa zaidi shambani, inanukia hasa na sokoni inapendwa, ila ukiipa mbolea nyingi inalala chini. Watu wanawacheka wazee wanaong'ang'ania Supa na mbegu zao za zamani, mi siwacheki, kama shamba lako liko chini kabisa mbugani ambapo mwezi wa nne mto unapanda, ule ufupi wa SARO ndo kaburi lake, inamezwa na maji. Kwahiyo uchague kwa shamba lako usichague kwa sifa za grupu la WhatsApp.

Cha muhimu ni iwe mbegu kweli. Mi niliwahi kuuziwa kwenye duka moja mfuko mzuri umeshonwa vizuri, kuja kuchanua nina mpunga wa urefu tatu tofauti na mwekundu ndani yake. Nunua yenye lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, au ile ya kuazimiwa ubora kwa wakulima waliosajiliwa kuzalisha. Kabla hujaloweka chota punje 100 uziweke kwenye kitambaa kibichi, baada ya wiki hesabu zilizoota, zikiwa chini ya 80 tafuta nyingine. Alafu fanya ule mtihani wa yai: weka maji kwenye ndoo, koroga chumvi huku yai bichi likiwa ndani, endelea mpaka yai lielee na kichwa chake kitokeze kama sarafu. Toa yai, mimina mbegu, zinazoelea zitoe wape kuku, zilizozama zioshe kwa maji safi mara mbili tatu ili chumvi iishe. Loweka saa 24, kisha zifunike kwenye gunia bichi siku moja au mbili mpaka zichungulie. Ukifanya hivi kilo 15 mpaka 20 zinatosha ekari ya kupandikiza, wakati kumwaga mbegu moja kwa moja shambani watu wanatumia mpaka 40.

Kitalu chako kiwe cha kutosha, na mwaga mbegu kwa nafasi, miche iliyobanana inakuwa myembamba kama nyuzi. Sasa hapa kuna kosa kubwa la bonde letu. Mvua inaanza, kila mtu anamwaga kitalu siku moja, alafu trekta ni moja kijiji kizima, unasubiri zamu yako, zamu inafika miche ina siku 40. Mche wa siku 40 umeshaanza kuzeeka, ukiung'oa unakatika mizizi, unakaa wiki mbili unajiuguza, na muda wa kutoa machipukizi unakuwa umeisha ukiwa bado mgonjwa. Hapo ndo masuke 10 yanageuka 5. Mche mzuri una siku 14 mpaka 21. Kama huna uhakika wa trekta usimwage kitalu chote, mwaga nusu, nusu nyingine siku kumi baadae, ni mbegu kidogo tu unayohatarisha.

Kuna kilimo shadidi, kile kilichoanzia Madagaska miaka ya 1980, ambapo mche unapandwa ukiwa na siku 8 mpaka 12, mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, na maji yanaingia na kukauka kwa zamu badala ya kutuama. Kinafanya kazi, Mkindo kule Mvomero wamekilima, na mbegu inayotumika ni kidogo mno, kilo tatu hivi kwa ekari. Ila kinataka maji unayoyaongoza mwenyewe. Kama unategemea mvua na mafuriko, mche wa siku nane utazama wiki ya kwanza, usije kunilaumu.

Kwenye kupandikiza tumia kamba. Najua vibarua wanalalamika kamba inawachelewesha na wanataka hela zaidi, mama mmoja aliniambia mwanangu sisi tumepanda mpunga kabla hujazaliwa hatujawahi kufunga kamba, nikamwambia ni kweli mama, lakini naomba jaruba moja tu tupime. Tulipima. Kwa mkono mtupu walitoa mashina 13, kwa kamba 25. Msimu uliofuata yeye ndo alikuja na kamba yake mwenyewe ya mafundo. Miche miwili mitatu kwa shina inatosha, kina cha sentimita mbili tatu tu, ukiuzamisha sana unachelewa kuchipua. Na mistari inakupa nafasi ya kupitisha kipalizi cha kusukuma, hapo ndo hela ya kamba inaporudi.

Magugu basi. Siku 40 za mwanzo ndo za kufa na kupona, palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kupandikiza, ya pili wiki ya tano au ya sita. Ukipalilia mpunga ukiwa na miezi miwili unasafisha shamba tu, masuke yameshaliwa. Dawa ya 2,4-D inaua majani mapana na jamii ya ndago, haiui nyasi, na ukiipiga upepo ukivuma bustani ya nyanya ya jirani inajikunja, kesi za namna hiyo nimeziona zikifika kwa mwenyekiti wa kijiji. Mpunga pori hauna dawa ya kuua ukiwa katikati ya mpunga wako maana ni ndugu, na ule wenye mizizi inayotambaa chini ukiukata kwa jembe unauzidisha. Huo uuoteshe kwanza kwa mvua za mwanzo, uulime, usubiri uote tena, uulime tena ndo upande. Wenzetu wa Kyela wana mbosyo na wa milimani Morogoro wana kiduha, hayo yananyonya mpunga kwenye mizizi, unaona shamba limedumaa ukadhani ni njaa ya mbolea.

Sasa ndo tunafika kwenye mbolea, mnaona iko namba ngapi. Kawaida ni DAP mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari wakati wa kupandikiza, ichanganywe kwenye tope isibaki inaelea juu, na urea mfuko mmoja ugawanywe mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya palizi ya kwanza, si kabla, ukiweka kabla unalisha magugu. Punguza maji yabaki tope la kulowana, mwaga urea jioni majani yakiwa makavu, ziba matuta, siku mbili tatu baadae rudisha maji. Urea ukiimwaga kwenye maji mengi ya kutuama kwenye jua nyingi inageuka hewa inapaa, na inayobaki ndo ile ya kwa jirani.

Mara ya pili ndo watu wanakosea siku. Usiangalie kalenda ya mwenzako, ng'oa shina kubwa, lipasue katikati kwa wembe kuanzia chini, ukiona ndani kitu cheupe chenye manyoya kama ncha ya brashi, urefu wa milimita moja mbili, hiyo ni mimba ya suke na hiyo ndo wiki ya kuweka. Kutoka hapo mpaka kuvuna ni kama siku 60 na kitu kwa mbegu yoyote, kwahiyo SARO ya siku 120 inakuwa na siku kama 60 tangu imwagwe kitaluni. Ukiwahi unapata majani, ukichelewa sana suke limeshagawa punje zake. Na ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 inataka uwe umejisajili kwenye daftari la wakulima, nenda mapema na namba yako ya simu inayofanya kazi, siyo wiki ya kupandikiza unaanza kutafuta mtendaji. Majani ya mpunga usiyachome, potasiamu nyingi iliyonyonywa na mmea inabaki humohumo kwenye majani.

Kuhusu mapepe, chanzo kikubwa ni kiu wakati wa kuchanua. Siku kama 10 za kabla ya suke kutoka na 10 za baada, shamba lisikauke, hata kama ulikuwa unapunguza maji hapo acha kujibana. Aliyechelewa kupanda mvua inamkatikia hapohapo, ndo maana kuchelewa wiki tatu kunaweza kula nusu ya mavuno bila mdudu wala ugonjwa. Kwenye skimu za nyanda za baridi kama Mwea kule Kenya tatizo jingine ni baridi, mpunga ukibeba mimba kwenye miezi ya baridi unatoa masuke meupe matupu. Ukiwa mkiani mwa mfereji jua mapema kwamba waliopo juu wanachota kwanza, panga tarehe zako na viongozi wa umoja wa wamwagiliaji, zile fujo za usiku za kuvunja geti hazijawahi kumpa mtu maji zaidi ya siku mbili.

Suke jeupe lakini si kila mara ni kiu. Livute, likichomoka kirahisi na chini limetafunwa huyo ni funza wa shina. Likigoma na shingo yake ni nyeusi hiyo ni blasti, ugonjwa wa ukungu, ambayo inapenda shamba lililozidishiwa urea. Mpunga uliodumaa, majani ya njano yenye michirizi, suke linakwama kutoka, huo ni kimyanga. Kimyanga ni kirusi, mara ya kwanza kiliripotiwa Kenya upande wa Kisumu mwaka 1966, hakuna dawa ya kupuliza inayokitibu hata muuza duka aape, wadudu wanakihamisha na hata mikono yetu na mundu. Ng'oa mapema fukia, usihamishe miche ya kitalu kilichoonyesha dalili, na yale maoteo ya mabua baada ya mavuno yalime yasibaki yakikifuga.

Ndege kweleakwelea wakija kwa maelfu hakuna kombeo litakalotosha, toa taarifa kwa afisa kilimo mapema maana ndege ya kupulizia dawa haiji kwa simu ya siku moja. Ila kwa kuamia (kufukuza ndege) kwa kawaida siri ni kupanda pamoja na majirani, shamba linalokomaa peke yake, liwe la kwanza au la mwisho, ndo linalisha ndege wa bonde zima.

Mwisho kuvuna. Punje nane kati ya kumi zikiwa za dhahabu vuna, toa maji siku 10 mpaka 14 kabla ya hapo. Ukisubiri zote zikauke zinapukutika, na zinazobaki zinapasuka ndani, ukienda kukoboa ni chenga tupu. Anika kwenye turubai, tabaka jembamba, geuza mara kwa mara, lami inapasua punje na inakupa mawe ya bure. Zikikatika kwa jino kwa mlio mkavu weka ghalani. Kilo 100 za mpunga mzuri zinatoa mchele kilo 60 mpaka 65, zikishuka chini ya hapo tatizo ni ukaushaji wako au ni mashine, na kujua ni ipi chukua debe mojamoja la mpunga uleule upeleke mashine mbili tofauti siku moja, pima mchele na chenga za kila moja kwa mzani wako, alafu kama unauza mpunga usiuze kwa lumbesa, dai kilo, maana gunia la kilo 80 likishonewa kilemba linakuwa 100 na dalali bado anakulipa la 80.